Mtoto akiumia mikononi mwa mhudumu wa afya: hatua za mzazi tangu siku ya kwanza

Mtoto ana homa kali. Mama anambeba mgongoni hadi zahanati, mtoto anachomwa sindano kalioni, wanarudi nyumbani. Jioni homa imeshuka, lakini mtoto akisimamishwa mguu mmoja haubebi. Siku ya pili unyayo umelegea na vidole vinaburuta chini. Jirani anashauri akakandwe kwa mafuta. Shangazi anasema ni mkono wa mtu. Baba anataka kwenda kumkabili nesi. Wiki zinapita, mwezi unapita, na karatasi ya matibabu imeshalowa na mvua.

Kisa cha namna hii kinaweza kutokea katika kijiji chochote. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa karibu mgonjwa 1 kati ya 10 hupata madhara akiwa katika huduma ya afya, na kwamba zaidi ya nusu ya madhara hayo yangeweza kuzuilika. Tangu 2019, kila tarehe 17 Septemba ni Siku ya Usalama wa Mgonjwa Duniani, na mwaka 2025 siku hiyo ilielekezwa kwa watoto wachanga na watoto wadogo.

Katika makala hii tunatumia mfano wa sindano iliyogusa mshipa wa fahamu wa mguu. Hatua zenyewe ni zilezile kwa dripu iliyovuja ikaharibu mkono, dawa iliyozidi kipimo, tohara iliyoharibika au plasta ngumu iliyobana mguu uliovunjika. Sheria tunazozitaja ni za Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake na baraza lake la madaktari.

Jambo moja tunaomba ulishike: matibabu ya mtoto na utunzaji wa kumbukumbu viende pamoja, tangu siku ya kwanza. Ukingoja kimoja kiishe ndipo uanze kingine, unaweza kuvikosa vyote viwili.

Kwanza mguu wa mtoto

Ndani ya kalio unapita mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka hadi kwenye unyayo. Kalio la mtoto mdogo lina nyama kidogo, hivyo sindano iliyochomwa mahali pasipo sahihi inaweza kuuchoma mshipa huo, au dawa ikamwagika karibu nao na kuuunguza. Mara nyingi mtoto hulia kwa maumivu makali papo hapo, na udhaifu wa mguu huonekana saa hiyo hiyo au ndani ya muda mfupi.

Ukiona mguu umelegea baada ya sindano, rudi kituo cha afya siku hiyo hiyo, au nenda hospitali ya wilaya. Usisubiri wiki iishe. Kuna sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni kwamba huenda si sindano. Mtoto yeyote wa chini ya miaka 15 anayelegea kiungo ghafla anatakiwa kuripotiwa ili achunguzwe polio. Wahudumu huchukua choo chake mara mbili, kwa kupishana angalau saa 24, na sampuli hizo zinatakiwa zipatikane ndani ya siku 14 tangu kulegea kuanze. Uchunguzi huu si njama ya kuficha kosa. Unamlinda mtoto wako na watoto wa kijiji kizima.

Sababu ya pili ni usaha. Mahali palipochomwa pakivimba, pakiwa pa moto, na homa ikirudi, huenda kuna jipu ndani linalohitaji kupasuliwa na dawa. Kukanda jipu la namna hiyo kunaweza kueneza uchafu mwilini.

Sababu ya tatu ni viungo kukakamaa. Mshipa wa fahamu ulioumia huota polepole sana, takriban milimita 1 kwa siku. Kutoka kwenye kalio hadi kwenye unyayo ni safari ya miezi mingi. Wakati mshipa unaota, kifundo cha mguu kisiponyooshwa kila siku hukaza, na mtoto anaweza kubaki akitembelea ncha ya vidole hata kama mshipa umepona. Kwa hiyo omba apelekwe kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Atakuonyesha namna ya kuunyoosha unyayo nyumbani, na mtoto anaweza kupewa kifaa cha kuushikilia unyayo usianguke, hasa usiku.

Watoto wengi hupata nafuu, wengine hupona kabisa, na wapo wanaobaki na ulemavu. Ikipita miezi 3 bila mguu kuonyesha dalili ya kurudi, omba rufaa kwa daktari bingwa. Hospitali kubwa kama KCMC mjini Moshi, Bugando mjini Mwanza, na Taasisi ya Mifupa MOI na CCBRT jijini Dar es Salaam zinatibu matatizo ya mifupa, viungo na ulemavu. Kwa sera ya afya ya nchi, mtoto wa chini ya miaka 5 anatakiwa kutibiwa bila malipo katika vituo vya serikali. Ukitozwa, uliza sababu na udai risiti.

Je, ni kosa au ni bahati mbaya?

Swali hili ni gumu na halijibiwi kwa hasira. Si kila madhara ni uzembe. Kuna dawa ambazo humdhuru mtu mmoja kati ya wengi hata zikitolewa kwa usahihi, na kuna ugonjwa unaoendelea kuharibu mwili hata matibabu yakiwa mazuri.

Kisheria, uzembe huangaliwa kwa maswali manne. Je, mhudumu alikuwa na wajibu kwa mtoto huyu? Je, alifanya chini ya kiwango ambacho mhudumu mwenzake mwenye ujuzi wa kawaida angefanya? Je, mtoto alipata madhara? Na je, madhara hayo yametokana na kitendo hicho, si na jambo jingine?

Kwenye mfano wetu, swali la pili na la nne ndiyo yenye uzito. Mafunzo ya wauguzi yanaelekeza kwamba mtoto mchanga achomwe upande wa nje wa paja, katikati, mbali na mshipa huo mkubwa. Ndiyo maana chanjo nyingi za sindano za watoto wachanga huchomwa pajani. Swali la nne hujibiwa na daktari mwingine aliyempima mtoto, na hapo ndipo kumbukumbu zako zinapokuwa na thamani.

Karatasi zako ni shahidi wako

Mwaka mmoja baadaye kila mtu atakumbuka kwa namna yake. Karatasi haibadilishi maneno. Siku ileile, au kesho yake, fanya haya:

Andika kwenye daftari tarehe, saa, jina la kituo, sababu ya kumpeleka mtoto, alichofanyiwa, dawa aliyopewa, upande wa mwili, na jina au cheo cha aliyemhudumia. Kama hukulijua jina, andika hivyo hivyo: nesi wa zamu ya mchana. Kama huandiki vizuri, mwombe mwanao anayesoma au mwalimu aandike unayosema, kisha akusomee.

Andika pia mtoto alikuwaje kabla. Alikuwa anatembea? Nani alimwona akitembea asubuhi ile? Shahidi wa kwamba alitembea ni muhimu sawa na shahidi wa kwamba sasa hatembei.

Tunza kadi ya kliniki, daftari la matibabu, barua ya rufaa, risiti, majibu ya vipimo, na chupa au pakiti ya dawa kama unayo. Vipige picha kwa simu na umtumie ndugu mmoja unayemwamini, ili simu ikipotea visipotee vyote. Karatasi zenyewe zifunge kwenye mfuko wa nailoni.

Mrekodi mtoto video fupi akijaribu kutembea, kila baada ya wiki mbili, na utaje tarehe kwa sauti. Daktari itamsaidia kuona maendeleo, na kesi ikifika mbali itaonyesha hali ilivyokuwa.

Andika nauli, dawa, siku ulizokosa shamba au kibarua. Hizi ndizo gharama utakazoulizwa.

Kituoni nako kuna kumbukumbu. Kila mgonjwa huandikwa kwenye vitabu vya MTUHA au kwenye kompyuta. Omba kwa adabu namba ya mtoto wako na nakala ya kilichoandikwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inampa mtu haki ya kuomba taarifa zake zinazotunzwa na taasisi, na mzazi humsemea mtoto wake. Ukinyimwa, andika tarehe na cheo cha aliyekunyima.

Anza na mganga mfawidhi

Nenda kwa mganga mfawidhi wa kituo, si kwa nesi mwenyewe. Nenda na mtu mzima mmoja mtulivu. Uliza maswali manne tu: Mtoto wangu alipewa nini na wapi? Mnadhani nini kimetokea? Mtafanya nini kumsaidia sasa? Mtafanya nini jambo hili lisimpate mtoto mwingine?

Mara nyingi wazazi huhitaji zaidi maelezo ya kweli, pole ya dhati, rufaa ya haraka na gari la kuwafikisha hospitali. Kituo chenye uungwana hutoa haya bila kushurutishwa. Kosa linaloripotiwa mapema ndilo linalofundisha, na mhudumu mwenye hofu ya kupigwa ndiye anayefuta maandishi. Kwa hiyo usiende na kundi, na usimtishe mtu. Ukimpiga mhudumu, kesi itakayosikilizwa kwanza ni ya kwako wewe.

Kama majibu hayaridhishi, andika barua. Huu ni mfano unaoweza kunakili kwa mkono:

"Kwa Mganga Mfawidhi, Zahanati ya ........... Mimi ........... wa kijiji cha ..........., mzazi wa ........... mwenye umri wa ........... Tarehe ........... saa ........... mwanangu alichomwa sindano kwenye ........... hapa kituoni kwa sababu ya ........... Kabla ya hapo alikuwa akitembea vizuri. Tangu tarehe ........... mguu wake wa ........... umelegea. Hospitali ya ........... ilimpima tarehe ........... na kuandika kwamba ........... Naomba: 1. nakala ya kumbukumbu za matibabu yake, 2. maelezo ya maandishi ya kilichotokea, 3. rufaa na msaada wa matibabu yake, 4. majibu ndani ya siku 14. Nakala: Mganga Mkuu wa Wilaya. Sahihi au dole gumba ..........., tarehe ..........., simu ..........."

Andika barua mbili. Moja wabakie nayo, nyingine wakupigie muhuri wa kupokea na tarehe. Kama hawataki kupiga muhuri, pita kwa mtendaji wa kijiji aandike kwamba ameiona barua na aambatane nawe kuipeleka. Siku 14 ni ombi lako, si sharti la sheria, lakini barua isiyo na tarehe ya kujibiwa husahaulika mezani.

Ngazi za juu: nani anafanya nini

Watu wengi huchoka kwa sababu wanapeleka shauri mahali ambapo haliwezi kuamuliwa. Tumezipanga ofisi kwa kazi zake.

Mganga Mkuu wa Wilaya na Mkurugenzi wa Halmashauri husimamia zahanati, vituo vya afya na hospitali za halmashauri. Hawa wanaweza kuunda timu ya uchunguzi, kumhamisha au kumchukulia hatua mtumishi, na kuharakisha rufaa. Kamati ya usimamizi wa kituo ina wajumbe kutoka vijijini. Diwani na mtendaji wa kata wanaweza kukufikisha kwao.

Baraza la Madaktari Tanganyika hushughulikia mienendo ya madaktari, kwa Sheria ya mwaka 2017. Wauguzi na wakunga wana Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, chini ya Sheria ya 2010. Wafamasia na maduka ya dawa wako chini ya Baraza la Famasi. Mabaraza ya wanataaluma yanaweza kuonya, kusimamisha au kumfuta mtu kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kufanya kazi. Hayapo kwa ajili ya kukulipa fidia.

Hospitali binafsi inasimamiwa pia na Bodi ya Ushauri ya Hospitali Binafsi, iliyo chini ya Wizara ya Afya.

Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora hupokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma zinazokataa kutenda haki, kwa mfano zinapokaa kimya juu ya barua zako.

Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ni wa kumwendea mapema. Anaweza kuwasaidia familia isiyo na uwezo kupata matibabu na vifaa, na anafahamu haki za mtoto chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009.

Fidia na mahakama

Fidia huamuliwa na mahakama, au kwa makubaliano ya maandishi kati yako na kituo. Mtoto hawezi kufungua kesi mwenyewe. Mzazi au mlezi hufungua kwa jina lake. Anayedaiwa kwa kawaida si nesi peke yake bali pia mwajiri wake, kwa sababu mwajiri hubeba makosa ya mtumishi aliyekuwa kazini.

Angalia saa tatu za sheria.

Saa ya kwanza ni siku 90. Kabla ya kuishtaki serikali, ikiwa ni pamoja na halmashauri, sharti utoe taarifa ya maandishi ya siku 90 inayoeleza madai yako, na nakala yake ifike kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2020, Mwanasheria Mkuu huunganishwa kwenye kesi za namna hii, na kesi hufunguliwa Mahakama Kuu. Kesi iliyoruka hatua hii hutupwa hata kama mtoto ana haki.

Saa ya pili ni miaka 3. Madai ya uzembe hufunguliwa ndani ya miaka 3 tangu madhara yatokee.

Saa ya tatu ni ya mtoto. Sheria ya Ukomo inaruhusu muda wa mtoto uanze kuhesabiwa akifikisha miaka 18. Lakini gharama ulizotoa wewe mzazi ni dai lako, na saa yako imeshaanza kugonga. Tena, mashahidi huhama, hufariki, na vitabu vya kituo huchakaa. Usiitumie ruhusa hii kama sababu ya kulala.

Wakili ni gharama, lakini upo msaada. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria waliopo wilayani, na huduma yao kwa asiye na uwezo ni bure. Waulizie ofisi ya maendeleo ya jamii au ustawi wa jamii. Msaidizi wa kisheria hawezi kukusimamia mahakamani kama wakili, lakini atakusaidia kuandika, kupanga karatasi na kukuunganisha na wakili anayetoa msaada.

Kama aliyechoma si mhudumu halali

Wapo wanaochoma sindano majumbani, na wapo wauzaji wa duka la dawa muhimu wanaochoma nyuma ya kaunta. Duka la dawa muhimu haliruhusiwi kuchoma sindano. Mzazi aliyempeleka mtoto huko huona aibu, hunyamaza, na mtoto hukosa matibabu. Usinyamaze. Mweleze daktari ukweli, kwa kuwa jina la dawa iliyochomwa linaweza kubadilisha matibabu. Kisha toa taarifa polisi na kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Hili ni kosa la jinai, na anayeshtakiwa ni yule aliyechoma.

Yanayowaangusha wazazi

Kusaini karatasi usiyoielewa. Ukipewa pesa ya pole na kuambiwa uweke dole gumba, omba uende nayo nyumbani isomwe na mtu mwingine. Huenda imeandikwa kwamba hutadai tena maisha yako yote, wakati mtoto atahitaji kifaa kipya kila anapokua.

Kutangaza picha za mtoto na jina la nesi kwenye makundi ya simu. Unamwanika mtoto wako, na unaweza kushtakiwa. Hata sisi redioni hatutangazi jina la mtoto aliyeumia.

Kulaumiana nyumbani. Mama ndiye aliyekuwepo, kwa hiyo mama ndiye anayeambiwa "ungekataa." Mama alimpeleka mtoto mgonjwa mahali pa kutibiwa. Alifanya linalotakiwa.

Kuacha mazoezi kwa sababu kesi inaendelea. Kesi inaweza kuchukua miaka, na mguu hauwezi kuisubiri.

Na sindano ijayo?

Usiogope hospitali wala usiache chanjo. Uliza tu kabla: dawa hii ni ya nini, hakuna ya kunywa? Itachomwa wapi? Homa nyingi za watoto hazihitaji sindano kabisa, na malaria isiyo kali hutibiwa kwa vidonge au dawa ya kuyeyusha. Hata kwa malaria kali, tangu 2011 WHO inapendekeza watoto wapewe sindano ya artesunate badala ya kwinini, dawa inayojulikana kwa kuumiza mishipa ikichomwa kalioni. Taja jina kamili la mtoto kila anapohudumiwa, kwani majina hufanana. Mwaka 2007 jijini Dar es Salaam, wagonjwa wawili wenye jina la kwanza moja walibadilishiwa upasuaji: wa goti akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa goti.

Ukimaliza kusoma, mtumie makala hii jirani mwenye mtoto mdogo. Na kama mguu wa mwanao umelegea leo, funga khanga uondoke sasa. Beba kadi ya kliniki na kalamu.